Namna za Kupima Msukumo wa Pumzi Kooni

Mtu anenapo, pumzi hutoka mapafuni, hukusanyika chini ya kikoromeo, na kuzitikisa nyuzi za sauti. Kuijua nguvu ya pumzi hiyo si kazi ya matabibu tu. Yawahusu na wachunguzi wa lugha. Kwa maana Stetson, Mmarekani, alifundisha mwaka 1928 kwamba kila silabi ina pigo lake la kifua, na neno hilo haliamuliwi kwa sikio peke yake.

Njia ya kwanza ni kupima mahali penyewe. Mwaka 1837 Mfaransa Cagniard de la Tour alimpima mtu aliyekuwa na tundu katika bomba la pumzi. Baadaye matabibu walipenyeza sindano nyembamba chini ya kikoromeo. Hesabu yake ni ya kuaminika kuliko zote. Ila ni wachache wakubalio kuchomwa kooni, wala si haki kuwashurutisha.

Njia ya pili ni kumeza mpira mdogo wenye hewa hata ukae katika umio, nyuma ya bomba la pumzi. Van den Berg, Mholanzi, aliieleza mwaka 1956. Hapana jeraha, lakini mvuto wa mapafu huingia katika hesabu, nao hubadilika kadiri yanavyojaa na kupungua. Basi hapana budi kusahihisha.

Njia ya tatu walieleza Smitheran na Hixon mwaka 1981. Mrija huwekwa kinywani, na mtu hutamka silabi yenye p mara kwa mara. Midomo ikifumbwa na nyuzi za sauti zikiachana, kinywa na bomba la pumzi huwa kama chumba kimoja, na msukumo huwa sawa kotekote. Ni njia nyepesi. Lakini hupima kitambo cha p tu, na nguvu ya irabu hukisiwa.

Kwa vipimo hivi imejulikana kwamba maongezi ya kawaida hutaka msukumo wa kuinua maji kama sentimita 5 hadi 10. Tena mwaka 1958 Ladefoged, Draper na Whitteridge, waliochunguza misuli ya kifua huko Edinburgh, walionyesha kwamba hakuna pigo moja kwa kila silabi. Fundisho la Stetson likaanguka.

Atakayepima Kiswahili kwa njia ya tatu na achague neno kama "papa", wala si "baba". Katika b nyuzi za sauti hazikuachana, na wasemaji wengi huitamka kwa kushusha kikoromeo, hata pumzi ikavutwa ndani. Hapo msukumo wa kinywani si shahidi wa ule wa kooni.