Vital Kamerhe: kutoka kando ya raisi hadi Makala, na kurudi

Wengi wenu mnakumbuka ile kesi ya mwaka wa 2020 ambayo RTNC iliipitisha moja kwa moja kutoka gereza la Makala. Mshtakiwa alikuwa Vital Kamerhe, mkurugenzi wa ofisi ya Raisi Félix Tshisekedi.

Mtoto huyu wa Bukavu alikuwa amekwisha kuanguka mara moja. Mwaka wa 2006 alimpigania Joseph Kabila katika uchaguzi, akapata kiti cha kuongoza bunge la taifa. Mwanzo wa 2009 alisema hadharani kwamba hakujulishwa jeshi la Rwanda lilipoingia Kivu. Mwezi wa tatu akaacha kiti. Akaunda chama cha UNC, na katika uchaguzi wa uraisi wa 2011 akawa wa tatu.

Mwezi wa 11 mwaka wa 2018, kule Nairobi, alikubali kumwachia Tshisekedi nafasi ya kugombea. Tshisekedi alipoapa, akamkabidhi ofisi yake. Serikali mpya ilikawia miezi mingi, na kazi za mpango wa siku 100 zikapita mikononi mwa Kamerhe. Kati ya kazi hizo kulikuwa nyumba 1,500.

Tarehe 8 mwezi wa 4 mwaka wa 2020 alikamatwa. Mwamuzi mkuu wa kesi, Raphaël Yanyi, alikufa kabla ya hukumu. Tarehe 20 mwezi wa 6 korti ikampa Kamerhe miaka 20 ya kazi ngumu, kwa wizi wa zaidi ya dola milioni 48. Katika rufaa ikawa miaka 13. Mwaka wa 2022 hukumu ilifutwa, naye akaachiliwa huru bila hatia. Mwaka wa 2023 akawa makamu wa waziri mkuu, na 2024 akarudi kuongoza bunge. Mwezi wa 9 mwaka wa 2025 akajiuzulu, wabunge wakiwa wameleta maombi ya kumwondoa.

Mkurugenzi wa ofisi ya raisi hachaguliwi na wanainchi. Nguvu zake ni za kuazima, na mwenyewe anaweza kuzitaka wakati wowote. Korti imemsafisha Kamerhe, tuheshimu neno lake. Lakini kumsafisha mtu si kujenga nyumba. Pesa zilitoka kwa jina la watu wasio na makao. Anayelala chini ya hema anajua kwa nini swali hilo halijaisha.