Vidonge vya "kurudisha ujana": utafiti unasema nini?

Msikilizaji wetu wa Shishiyu na Simiyu kwa ujumla, huenda umewahi kuletewa chupa ya dawa lishe ukaambiwa inazipa seli nguvu na kuchelewesha uzee. Kabla hujauza mbuzi ili uinunue, fahamu mambo haya.

Nguvu ya mwili inatoka wapi?

Ndani ya seli za mwili mna sehemu ndogo ziitwazo mitokondria. Hizi ni kama jiko: hutumia chakula na hewa ya oksijeni kutoa nguvu. Jiko hilo linahitaji kemikali inayoitwa NAD, ambayo mwili unaweza kuitengeneza kwa vitamini B3, yaani niasini. Tafiti zinaonyesha kuwa NAD hupungua kadiri umri unavyosonga.

Je, vidonge vinasaidia?

Vidonge vinavyouzwa kwa majina ya NMN na NR ni vya jamii ya vitamini B3. Vimewasaidia panya wazee maabara. Kwa binadamu, vimeongeza NAD kwenye damu, lakini majaribio mengi yamehusisha watu wachache kwa muda mfupi, na faida kwa misuli imekuwa ndogo au haikuonekana. Hakuna jaribio lililothibitisha kwamba vinarefusha maisha ya mtu.

Funzo kutoka Malawi

Anayenufaika wazi na vitamini ni yule aliyepungukiwa nayo. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 17,000 waliokuwa Malawi walipata pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini unaobabua ngozi, kuharisha na kuvuruga akili. Walikuwa wakila zaidi mahindi, na karanga zilikuwa zimekosekana kwenye mgao wao. Mahindi yana niasini, ila mwili hauipati kwa urahisi. Waliokula karanga kila siku walikingwa.

Kwa hiyo mzee anayekula ugali aongezewe karanga, dagaa, samaki, kuku au nyama kwa kadiri ya uwezo, pamoja na kunde au maharage.

Mzee akichoka sana

Usiseme ni uzee tu. Uchovu unaweza kutokana na upungufu wa damu, kisukari, ugonjwa wa moyo, malaria au kichocho, ambacho kipo mkoani kwetu. Mpeleke zahanati au kituo cha afya apimwe damu, sukari na presha.

Tahadhari

Niasini ya vidonge ikizidi sana inaweza kudhuru ini na kupandisha sukari. Kama mzee anatumia dawa lishe, nenda na chupa yake umwonyeshe mganga. Na muuzaji akimwambia aache dawa za presha au kisukari kwa kuwa chupa hiyo inatosha, asikubali: kuziacha kunaweza kumletea kiharusi au kifo.