Dhamana ya Msafiri katika Mlima wa Kilimanjaro

Miongoni mwa habari alizozisikia mmisionari Johannes Rebmann katika safari zake za Uchagani, za mwaka 1848 na 1849, imo ya Mangi Rengua wa Machame. Yasemekana mangi huyo alituma kundi kubwa la watu wapande juu wakatazame kitu cheupe kinachong'aa kileleni, kwa kutumaini kuwa huenda ni fedha. Katika hao wote alirudi mmoja tu, jina lake Sabaya, mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi, naye ndiye aliyemsimulia mangi jinsi wenziwe walivyoangamia kwa baridi na kwa hofu. Habari hii aghalabu husimuliwa kwa ajili ya ile fedha iliyokuwa theluji, watu wakacheka. Lakini msomaji wa historia angefanya vyema kumtazama Sabaya. Yeye hakwenda kwa haja yake; alitumwa, akarudi kilema.

Tangu hapo hata leo, kila safari ya Kilimanjaro imekuwa na watu wa namna mbili: mwenye haja ya kupanda, na mwenye kupanda kwa haja ya mwingine. Historia ya usalama wa msafiri mlimani, ambayo siku hizi huandikwa katika hati za bima, haieleweki kama mmoja wao ataachwa nje.

Zamani za misafara dhamana ya msafiri ilikuwa hongo. Neno hili leo limeshuka cheo, na halitajwi ila pamoja na rushwa. Lakini katika karne ya 19 lilikuwa jina la ada ya njia, iliyotolewa kwa wakuu wa nchi hadharani na kwa kujadiliana. Aliyetoa hongo alipata ruhusa, kiongozi wa njia, chakula sokoni, na ahadi ya kuwa mali yake haitaguswa. Rebmann alipoondoka Rabai tarehe 27 Aprili 1848, akauona mlima tarehe 11 Mei, hakuongozwa na ujasiri wake peke yake; aliongozwa na Bwana Kheri, Mswahili aliyezijua njia na aliyejua kila mkuu hupewa nini. Kasoro ya dhamana hiyo ni kuwa muuzaji wake na mtu wa kuogopwa walikuwa mtu yule yule. Mwaka 1849 Rebmann alirudi Machame, na Mangi Mamkinga akamwondolea mali aliyokuja nayo, hata safari aliyoikusudia ya kwenda mbele ikavunjika. Charles New naye alipokewa vyema na Mangi Rindi wa Moshi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Mandara, na mwaka 1871 akafika penye theluji. Aliporudi kwa mangi huyo huyo katika safari iliyofuata alinyang'anywa vitu vyake, na mwezi wa Februari 1875 akafa njiani akirejea pwani.

Hans Meyer, mtu wa Leipzig, aliyapata mambo haya kwa bei kubwa zaidi. Mwaka 1888 yeye na Oscar Baumann walikamatwa katika vita vya Abushiri vya kuwapinga Wajerumani pwani, wasifunguliwe mpaka ilipotolewa fidia ya rupia 10,000. Fidia hiyo ni mfano wa wazi wa kinga ya mtu mwenye mali: nyuma yake wamo jamaa na watu wa benki wawezao kumkomboa. Mpagazi hakuwa na benki.

Walakini mwaka uliofuata Meyer alifanya jambo ambalo wapanda milima wameliiga hata leo. Safari zilizotangulia zilishindwa kwa sababu moja zaidi ya nyingine: chakula kilikwisha juu, watu wakashikwa na baridi, wakalazimika kushuka chini kabisa, na kila kushuka kulikuwa kuanza upya. Meyer alipata ruhusa ya Mangi Mareale wa Marangu, akagawa njia kwa kambi, kila kambi na akiba yake, na wapagazi wakawa wakipanda kutoka Marangu kwa zamu kuleta chakula. Kambi ya juu ilikuwa chini ya Kibo, yapata meta 4,300. Huko alikaa Mwini Amani, mtu wa Pangani, akipika, akileta maji na kuni, katika baridi ambayo mtu wa pwani hakuzaliwa nayo. Tarehe 3 Oktoba 1889 Meyer na mwenziwe Ludwig Purtscheller, bingwa wa milima kutoka Austria, walifika ukingoni mwa shimo la Kibo wakachelewa, maana walipoteza saa nyingi wakichonga vidato katika barafu. Walirudi kambini, wakapumzika, wakajaribu tena, na tarehe 6 Oktoba wakasimama kileleni. Kama Mwini Amani hakuwako, na kama wale wa zamu hawakupanda, siku ya tarehe 3 ingekuwa ndiyo mwisho wa habari. Akiba ya chakula, moto na mtu wa kuutunza: hiyo ndiyo bima ya kwanza ya kweli katika mlima huu, na ilibebwa vichwani mwa watu.

Vitabu viliandika majina mawili ya washindi. Jina la Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu lilikuja kutajwa sana mwaka 1989, ilipoadhimishwa miaka 100 ya safari ile, akiwa mzee sana. Na wanahistoria wangali wakibishana kama alikuwamo katika safari ya 1889 au katika nyingine baadaye. Ubishi wenyewe ni ushahidi. Watu walioandikwa habari zao hawabishaniwi hivyo.

Baada ya hapo njia ya Marangu ilipata nyumba. Wajerumani walijenga mbili kabla ya Vita vya Kwanza, wakaziita kwa majina ya Bismarck na Peters. Mwaka 1932 ikaongezwa ya Kibo. Baada ya Uhuru majina mawili ya kwanza yaliondolewa, na nyumba zikaitwa Mandara na Horombo, kwa heshima ya wamangi. Si jambo dogo kwamba mgeni wa leo hulala usiku wa kwanza chini ya jina la mangi aliyemnyang'anya New mali yake. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro iliundwa mwaka 1973, ikafunguliwa kwa wageni mwaka 1977, na hapo upandaji ukawa biashara ya Moshi, pamoja na kahawa na baada yake.

Neno bima lilikuja Kiswahili kwa njia ya wafanyabiashara wa Kihindi, na asili yake ya mbali ni neno la Kiajemi lenye maana ya hofu. Uchaguzi huo wa lugha una akili. Dhamana hutazama mtu aliyeahidi. Bima hutazama hofu ya mtu anayelipa. Tanzania ilipata Shirika lake la Taifa la Bima mwaka 1963, likawa mali ya umma kabisa mwaka 1967, na likaishika kazi hiyo pasipo mshindani bara mpaka sheria ya mwaka 1996 ilipofungua mlango kwa makampuni binafsi. Lakini mgeni apandaye Kilimanjaro huja na hati iliyokatwa kwao, London au Chicago, na iliyoandikwa na watu ambao wengi wao hawajauona mlima.

Hati hizo zina mpaka ambao wasafiri wengi hawausomi. Nyingine haziwajibiki kwa ajali itokeayo juu ya meta 3,000, nyingine juu ya meta 4,500. Msomaji na apime: Mandara iko meta 2,700 hivi, Horombo meta 3,720, Kibo meta 4,700 na kitu, kilele meta 5,895. Hati ya kwanza humwacha mwenyewe siku ya pili. Ya pili humwacha katika uwanda mkavu ulio kati ya Kibo na Mawenzi, saa chache kabla ya usiku ambao ndio wa hatari kuliko yote. Huko kileleni hewa ina nguvu karibu nusu ya ile ya pwani. Mtu aliyepanda kwa haraka huweza kujaa maji mapafuni au kuvimba ubongo, na dawa iliyo bora ni moja tu, kushushwa upesi. Ile "polepole" ya viongozi, ambayo wageni huifanyia mzaha, ni ushauri wa uganga.

Na nani humshusha? Katika malipo ya kuingia hifadhini imo ada ya uokoaji, dola 20 kwa kila mgeni kwa safari. Tangu miaka ya 2010 kuishia, helikopta nazo zimeingia kazini, na hizo hulipwa na kampuni ya bima. Jambo jema, ingawa kule Nepal serikali ilibidi ichunguze mwaka 2018 safari za helikopta zilizofanywa kwa ajili ya bima kuliko kwa ajili ya mgonjwa. Lakini ukungu ukishuka helikopta hairuki. Hapo hutolewa machela ya gurudumu moja, na watu sita au wanane huishika, wakaikimbiza juu ya mawe gizani. Ni wapagazi wale wale, ambao mlimani huitwa wagumu. Hivyo bima ya mgeni, baada ya kupita katika ofisi zote za dunia, hulipwa mwisho kwa mabega yao.

Mwaka 2004 ulitolewa uchunguzi wa vifo vya watalii katika mlima huu tangu 1996 hata 2003. Waliohesabiwa ni 25, na 14 kati yao waliuawa na ugonjwa wa mwinuko. Wengine ni walioumia kwa ajali, walioshikwa na moyo, na wagonjwa wa maradhi mengine. Ni kazi nzuri, na viongozi wengi wamejifunza kwayo. Ila hesabu hiyo ni ya watalii, na wapagazi hawamo. Vivyo hivyo tarehe 4 Januari 2006 mawe yalipoporomoka upande wa magharibi wa Kibo, dunia ilipata upesi majina na miji ya Wamarekani watatu waliofariki. Wapagazi waliojeruhiwa siku ile walitajwa kwa idadi.

Haifai kusema kwamba hapana kilichobadilika. Mzigo wa mpagazi umewekewa mpaka wa kilo 20, na hupimwa mlangoni. Tangu mwaka 2003 upo Moshi mradi wa kuwasaidia wapagazi ambao huwaazima viatu na makoti bila malipo na kuyachunguza makampuni. Ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wake ulioanza kazi mwaka 2015. Lakini mgumu huandikwa kazi kwa safari moja, leo kwa huyu na kesho kwa yule, na sheria iliyotazama kiwanda humpata kwa taabu mtu ambaye tajiri wake hubadilika kila wiki. Nepal walijifunza kwa msiba. Tarehe 18 Aprili 2014 barafu iliua watu 16 wa kazi katika Everest, wenzao wakakataa kuendelea, msimu ukavunjika, na kiwango cha bima kikapandishwa.

Wageni wengi wakishuka Kilimanjaro huruka kwenda Unguja kupumzika baharini. Huko, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, kila mgeni wa nje hutakiwa kukata bima kwa Shirika la Bima la Zanzibar, kwa dola 44, nayo humtosha siku 92. Serikali ya Zanzibar imesema kwa kitendo kwamba kinga ya mgeni si shauri la mgeni peke yake. Ni jambo la nchi inayompokea, kama ilivyokuwa zamani za wamangi. Mvuvi amchukuaye mgeni huyo kwa ngalawa, au kijana ampelekaye kupiga mbizi, yeye hamo katika hati hiyo.

Katika kila kambi ya Kilimanjaro kipo kitabu kikubwa ambamo mgeni hutia sahihi afikapo: jina, umri, kazi, nchi atokayo. Kiongozi husimama nyuma yake akingoja. Wagumu wamekwisha kupita saa mbili nyuma, na mahema yamesimama.