Nani Amekunyima Chakula?

Ayeeyo wangu hajui kusoma mizani lakini anajua kusoma shingo. Nilipofika Diff Desemba 2024, mwaka mmoja na miezi minne baada ya operesheni, alinishika kwenye mfupa wa chini ya shingo, akabonyeza kama mtu anayekagua mbuzi sokoni, halafu akaniuliza kwa Kisomali: "Ayeeyo, nani amekunyima chakula?"

Kwetu nyanya humwita mjukuu kwa jina lilelile ambalo mjukuu humwita yeye. Kwa hivyo swali hilo lilisikika kama nimejiuliza mwenyewe.

Jibu fupi nilikuwa nalo. Nimekatwa tumbo, ayeeyo. Daktari wa Nairobi ametoa karibu asilimia 80 ya mfuko wa tumbo langu, akaacha kitu chembamba kama ndizi, na nimemlipa pesa kwa kazi hiyo. Lakini jaribu kumwambia hayo mtu ambaye amezika mifugo mara nne maishani mwake. Nilinyamaza, nikanywa chai yangu kidogo kidogo. Jibu refu ndilo hili.

*

Kama hujawahi kufika Diff, iko Wajir Kusini, mashariki ya Habaswein, pale Kenya inapoisha kwa mstari ulionyooka kama umepigwa na rula. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia Jubaland, na watu waliokuwa wakifuata mvua upande huu na ule wakajikuta kati ya serikali mbili. Mwaka uliofuata, 1926, Waingereza wakaifanya kaskazini yote kuwa eneo lililofungwa: kuingia kwa kibali, kutoka kwa kibali. Mtu wa mifugo ukimfungia njia umemfungia chakula, kwa sababu akiba yake inatembea kwa miguu minne kutafuta majani.

Ayeeyo aliolewa mwaka 1963, vita vya shifta vilipokuwa vinaanza. Serikali mpya ya Kenya ilipigana na waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia, na kufikia 1966 ikawa inawakusanya wafugaji kwenye vijiji vya kulindwa. Ukitaka kujua njaa ya kutengenezwa na binadamu, muulize mtu aliyekaa humo. Ngamia hafugwi ndani ya ua. Mifugo iliyobaki nje ilikufa, iliibiwa au ilipigwa risasi. Mkataba wa Arusha ulitiwa saini Oktoba 1967, na mama yangu alizaliwa mwaka huohuo, ndani ya kijiji cha namna hiyo. Ayeeyo husema alimbeba mimba kwa chai ya rangi.

Nairobi nako, Sessional Paper Namba 10 ya 1965 ilikuwa imeshaamua kwamba pesa za maendeleo ziende kwanza kwenye ardhi yenye rutuba na mvua, ili zirudishe faida haraka. Unajua sisi tuko upande gani wa hesabu hiyo. Ukaja ukame wa 1984. Ukaja wa 2011, ambapo Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa kusini mwa Somalia, na watu wakavuka mpaka kwa miguu kuelekea Dadaab. Halafu misimu mitano ya mvua ikakosa kuanzia mwishoni mwa 2020. Pengine uliona ile picha ya Desemba 2021, twiga sita wamelala wamekufa kwenye vumbi la Sabuli, Wajir. Watu wa Twitter walilia. Sisi tulipiga simu nyumbani kuuliza wangapi wamebaki.

Katika historia kama hii, mwanamke mnene ni habari njema. Maana yake ni kwamba boma lina maziwa, mume ana ngamia, na ukame ukija ana kitu cha kuanzia. *Caato*, yaani kimbaombao, ni tusi. Nilipokuwa msichana, shangazi walinibana mashavu wakisema mashallah, na mimi nikaongeza nyirinyiri.

*

Isilii ndiko historia ilinigeukia. Nilikuja Nairobi kwa shule, nikabaki kwa kazi. Duka liko chini, nyumba ghorofa ya tano, lifti inafanya kazi. Asubuhi ni anjera na mafuta na sukari, mchana basto au wali na ndizi pembeni, na shaa ya maziwa yenye vijiko vinne kila mgeni akiingia. Dukani wageni hawaishi. Ni chakula kilekile cha mtu anayetembea kilomita ishirini na mbuzi, ila mimi natembea kutoka kaunta hadi choo.

Mama alipatikana na kisukari akiwa na miaka 42. Mimi nikapata presha nikiwa na 29. Kufikia 2021 nilikuwa na kilo 127 kwenye urefu wa mita 1.63. Ukigawanya kama wanavyofanya madaktari, unapata karibu 48, na kwao 40 tayari ni unene wa hatari. Na sikuwa peke yangu: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 uliona kwamba karibu nusu ya wanawake Wakenya wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi.

Nilidhani ni ulafi. Mpaka nikasoma kuhusu Uholanzi. Katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, Wajerumani walizuia chakula kuingia magharibi mwa nchi hiyo, na watu wakala vitunguu vya maua. Miaka mingi baadaye watafiti wakawafuatilia watoto waliokuwa tumboni wakati ule. Mwaka 1976 walionyesha kwamba vijana ambao mama zao walishikwa na njaa mapema katika ujauzito walikuwa wanene zaidi kuliko wenzao. Uchunguzi wa baadaye ukaona dalili za kisukari pia. Ni kama mwili ulisikia habari ya njaa kabla ya kuzaliwa na ukaamua kuweka akiba.

Siwezi kuapa kwamba hicho ndicho kilichompata mama. Hakuna aliyewapima watoto wa vijiji vya shifta. Lakini usiku huo nilihesabu miezi kwa vidole, nikafunga simu, nikakaa gizani.

*

Binamu yangu yuko Minneapolis. Minnesota ndilo jimbo lenye Wasomali wengi zaidi Marekani, na yeye ndiye wa kwanza katika familia kufanyiwa operesheni hii. Alificha miaka miwili. Aliambia watu ni mazoezi. Aliponipigia kuniambia ukweli, nilianza kuchimba, nikakuta jimbo hilohilo ni kama jumba la makumbusho ya tumbo.

Novemba 1944, chini ya viti vya uwanja wa mpira wa Chuo Kikuu cha Minnesota, mwanasayansi Ancel Keys alikusanya vijana 36 waliokataa kwenda vitani kwa sababu ya dhamiri zao. Walikubali kushindishwa njaa ili dunia ijue namna ya kuwalisha watu wa Ulaya vita vikiisha. Kwa miezi sita walikula karibu nusu ya chakula chao cha kawaida na kupoteza karibu robo ya uzito. Waliota chakula usiku, wakasoma vitabu vya mapishi kama riwaya, wakawa wakali na wapweke. Na walipoachiliwa kula, wengi hawakushiba. Walikula hadi kuumwa na bado wakasema wana njaa, na mafuta yakarudi mwilini kupita yalipokuwa mwanzo.

Nilisoma sehemu hiyo mara tatu. Ukimwambia mtu mnene "si upunguze tu kula", unamwambia apigane na kitu kilichowashinda vijana 36 wenye afya na nia ya chuma. Nilikuwa nimeshapungua kilo 20 mara mbili kwa diet. Zilirudi zote, na wageni.

Miaka kumi baadaye, 1954, madaktari Kremen, Linner na Nelson wa Minneapolis waliandika kuhusu kufupisha njia ya utumbo mdogo ili chakula kipite bila kufyonzwa chote. Watu walipungua kweli. Pia waliharisha bila kukoma, wakapata mawe ya figo, na wengine ini likafa. Operesheni hiyo ilifanywa kwa miaka mingi kabla ya kuachwa. Nakwambia hivi kwa sababu wanaouza upasuaji huu TikTok hawaanzii hapo.

Mwaka 1966, jimbo jirani la Iowa, Edward Mason alianza njia nyingine. Alikuwa ameona kwamba wanawake waliokatwa sehemu ya mfuko wa tumbo kwa sababu ya vidonda walipata shida kuongeza uzito. Akageuza hasara ile ikawa dawa. Miaka ya 1990 kamera ndogo zikafanya kazi ipitie kwenye matundu badala ya kupasua tumbo zima. Mwaka 1995 daktari Walter Pories na wenzake wakaripoti kwamba wagonjwa wengi wa kisukari walipona sukari baada ya operesheni, wengine ndani ya siku chache, kabla hata ya kukonda.

Sababu moja ilikuja kutoka Japani mwaka 1999, pale Masayasu Kojima, Kenji Kangawa na wenzao walipogundua homoni ya njaa, grelini. Hutengenezwa zaidi sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo, ile ambayo operesheni yangu huiondoa. Kwa hivyo hawakukata chombo tu. Walipunguza sauti iliyokuwa ikiniita.

*

Uamuzi ulinichukua miaka miwili, na sehemu kubwa ilikuwa aibu. Nilianza kuweka pesa 2021. Mwaka 2022 mjomba akapiga simu: lori la maji linahitajika, ng'ombe hawasimami tena. Nilituma akiba yote. Sikumwambia ilikuwa ya nini. Unasemaje? Kwamba nyinyi mnakosa cha kula na mimi nalipa ili nisiweze kula?

Mvua iliporudi 2023 nikaanza tena. Nilimwendea shekhe mtaani, nikiwa nimeandaa maneno ya kujitetea. Aliniuliza kitu kimoja: ni ugonjwa au ni urembo? Nikamwonyesha karatasi za presha na sukari iliyoanza kupanda. Akanieleza kwamba Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilishalijadili suala hili mwaka 2007: kama uzito ni maradhi, hakuna njia nyingine, na madhara yamechungwa, upasuaji unaruhusiwa. Nilitoka pale nikiwa mwepesi kwa mara ya kwanza.

Wiki mbili kabla ya operesheni nilikunywa vitu vya majimaji ili ini lisinyae na daktari apate nafasi. Agosti nikaingia. Niliamka na matundu matano tumboni na hewa inayouma mpaka begani, na nesi ananiambia amka utembee, damu isigande. Wiki za kwanza ni supu iliyochujwa, kijiko baada ya kijiko. Halafu vitu vya kusaga, halafu laini, halafu chakula chenyewe, kama mtoto anayeachishwa ziwa. Usinywe maji ukila. Protini kwanza. Vitamini na madini maisha yote, na damu ipimwe.

Mwezi wa nne nywele zilianza kutoka kwa mafungu. Mwezi wa tano nilikula halwa kipande kimoja harusini, moyo ukaenda mbio, jasho likanitoka, nikalala kwenye kochi la wenyewe. Ramadhani ya 2024 sikufunga. Daktari alikataa, kwa sababu tumbo jipya haliwezi kupokea maji ya siku nzima kwa saa chache. Kila mtu akifuturu nililia jikoni. Deni hilo nimeshalilipa.

Kitu kigumu zaidi kilikuwa ukimya. Kichwa changu kilikuwa na njaa ya miaka mingi na tumbo halikuitikia tena. Kwetu ukifurahi unakula, ukifiwa unakula, ukikosana na mtu mnaletewa sinia moja mpatane. Nilikaa kwenye sinia zile nikimega vipande vitatu, na wenzangu wakanitazama kama mtu aliyekataa amani.

Mwaka ulipoisha nilikuwa na kilo 86. Dawa za presha zimebaki moja. Sukari imeshuka. Najua uzito unaweza kurudi, wengine huurudisha. Ngozi ya mikono inaning'inia na sina mpango nayo.

*

Jioni ya pili Diff nilimwambia ayeeyo yote, nje ya nyumba, wakati mbuzi wanaingia. Nilimwambia kuhusu kisukari cha binti yake na wale watoto wa Uholanzi. Nilimwambia labda ile njaa ya kijijini haikuisha, ilihamia tu ndani yetu, na mimi nilikuwa nimebeba akiba ya ukame ambao kwangu haukuja.

Alinyamaza muda mrefu. Nilidhani amekasirika. Kisha akauliza kile kipande walichotoa kilienda wapi. Nikamwambia hospitali huchoma. Akasema nilipaswa kukiomba kikazikwe, ni nyama ya mama yangu ile.

Akaingia ndani, akatoka na maziwa ya ngamia. Alikuwa ameacha kikombe kikubwa cha bati anachonipa tangu utotoni. Alileta kile kidogo cha kupimia dawa za watoto, akakijaza, akanipa, akakaa kunitazama nikimaliza. Nilipomaliza akajaza tena. Nikamwambia ngoja kidogo, ayeeyo, hakijashuka.

"Sawa," akasema. "Nangoja."