Kushusha Pua ya Gari: Kutoka Ekseli ya Ford hadi Swichi ya Dashibodi

Magari ya Ford yaliyotengenezwa Marekani kati ya 1928 na 1948 yalibebwa kwa mbele na vitu viwili: ekseli moja ya chuma cha kufua, iliyopita bila kukatika kutoka gurudumu hadi gurudumu, na springi moja ya bapa iliyokingama juu yake. Mpangilio huo ulikuwa rahisi na mgumu kuharibika, ukazifaa barabara za mashambani zilizojaa mawe na makorongo. Lakini uliliweka gari juu mno. Vijana wa California waliokwenda kushindania mwendo kwenye ziwa kavu la Muroc, katika jangwa la Mojave, waliiona kasoro hiyo mapema katika miaka ya 1930. Gari lililoinuka lilipambana zaidi na upepo, na uzito wake ulikaa mbali na ardhi.

Dawa yao ilikuwa kuigeuza ekseli yenyewe. Fundi aliipasha moto karibu na ncha zake mbili mpaka chuma kikalainika, kisha akaivuta na kuikunja ili sehemu zinazoshika magurudumu zipande na sehemu ya kati ibaki chini. Magurudumu hayakusogea, kilichoshuka ni gari, kwa kawaida inchi 2 hadi 3. Aliyejipatia jina kwa kazi hiyo ni Ed Stewart wa San Diego, ambaye wateja walimwita Ed wa Ekseli, na ekseli zake bado zinatafutwa na wakusanyaji wa magari ya zamani. Kazi hii haikuisha kwenye ekseli peke yake. Pua ikishuka, mikono ya usukani nayo hulazimika kukunjwa, la sivyo tairodi hugonga vyuma vilivyo jirani kila gurudumu linapoingia shimoni. Wenye haraka waliichagua springi: waliipunguza majani, au wakakunja upya macho ya jani kuu yaelekee upande mwingine, wakaongeza inchi moja hivi ya kushuka.

Wakati huohuo viwanda vilikuwa vinaiacha ekseli nzima. Chevrolet ilianza mwaka 1934, katika baadhi ya magari yake, kulipatia kila gurudumu la mbele springi yake. Ford ilichelewa hadi modeli ya 1949. Mfumo ulioenea ulikuwa wa mikono miwili ya chuma kila upande, wa juu na wa chini, na koili springi katikati. Ufundi wa kukunja ekseli haukuwa na kazi tena hapo. Kilichobaki cha kuchezea ni koili.

Kukata koili kulihitaji kuifungua. Fundi alitoa shokapu, akaushusha mkono wa chini taratibu kwa jeki, akaitoa springi, akakata mzunguko mmoja au nusu yake na kuirudisha. Matokeo yake hayakuwa kushuka tu, kwa sababu springi yenye mizunguko michache huwa ngumu kuliko ile ya mwanzo, na gari likaanza kurukaruka. Njia ya mkato ilikuwa mbaya zaidi, nayo ndiyo iliyopendwa na wasio na fedha. Gari lilisimama kwa uzito wake wote juu ya magurudumu, mtu akaingiza moto wa gesi kupitia chini na kuuelekeza kwenye koili mpaka ikawa nyekundu. Chuma kililegea, mizunguko ikakaribiana, na pua ikashuka huku watu wakiangalia. Upande mmoja ulipozidi mwingine, moto ulihamishiwa upande wa pili, na mara nyingi kusawazisha huko kulilishusha gari kuliko ilivyokusudiwa. Moto uliondoa ugumu ambao kiwanda kiliuweka ndani ya chuma, kwa hiyo springi iliendelea kulala mwezi baada ya mwezi. Mikono nayo ilikaa karibu na vizuizi vya mpira, magurudumu yakaegemea ndani kwa juu, na tairi zikaisha upande wa ndani kabla ya wakati.

Gharama hiyo ilikubaliwa kwa sababu sura ya gari ilikuwa na uzito wake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana wa Kimarekani wenye asili ya Meksiko katika vitongoji vya mashariki ya Los Angeles walinunua Chevrolet zilizokwishatumika, zilizokuwa bei nafuu, wakazifanya nzito na za chini. Wengine waliweka mifuko ya mchanga ndani ya buti. Mifuko ilishusha nyuma lakini ikainua pua, na ndiyo maana kazi ya koili za mbele ilikuja kuwa ya lazima. Tofauti na vijana wa mashindano, hawa hawakushusha gari ili likimbie. Walitaka lipite polepole barabara ya Whittier, likiwa limelala sawasawa mbele na nyuma, waliomo waonekane. Magari hayo na wenye nayo wakaitwa lowraida.

Serikali ya jimbo ilijibu kwa kanuni. Mwishoni mwa miaka ya 1950, kifungu cha 24008 cha sheria ya magari ya California kilikataza gari lililobadilishwa kuwa na sehemu yoyote, magurudumu yasihesabiwe, iliyo chini ya ukingo wa chini wa rimu. Askari hakuhitaji mtaalamu kulithibitisha kosa. Aliinama tu, akalinganisha rimu na bodi, akaandika faini. Kanuni ilipima kimo cha chuma, lakini aliyejikuta akisimamishwa mara kwa mara alikuwa kijana mwenye asili ya Meksiko.

Ron Aguirre, kijana wa kusini mwa California aliyechoshwa na faini hizo, alipata jibu mwaka 1959. Kwa msaada wa baba yake aliifungia Corvette yake, iliyojulikana baadaye kwa jina la X-Sonic, pampu na silinda za mafuta za aina iliyotumika kwenye ndege. Vifaa hivyo havikuwa adimu: kusini mwa California kulikuwa na viwanda vikubwa vya ndege, na masalia ya vita yaliuzwa madukani. Kwa kubonyeza swichi, gari lilipanda hadi kimo halali askari anapokaribia, likashuka tena akishapita. Sheria iliyotungwa ili magari yabaki juu ndiyo iliyozaa kimo kinachobadilika.

Kwa upande wa mbele, silinda ilikaa juu ya koili, mahali ambapo springi hugusa chasisi. Mafuta yakisukumwa ndani, pistoni hukandamiza koili na pua huinuka. Vali ikifunguliwa, uzito wa injini hurudisha mafuta kwenye tangi. Pampu za ndege zilifuatiwa na zile za kuinulia milango ya nyuma ya malori, na betri zikaongezwa ndani ya buti moja baada ya nyingine. Gari lililotafutwa kuliko yote kwa kazi hii lilikuwa Chevrolet Impala, hasa modeli za 1958 hadi 1964, kwa sababu chasisi yake ya umbo la X haikuwa na vyuma virefu chini ya milango vya kulizuia gari kushuka.

Nguvu ilipozidi, pua haikuinuka tu, iliruka. Mashindano ya kurusha sehemu ya mbele yakaenea katika miaka ya 1970, mshindi akiwa yule ambaye tairi zake zimeiacha ardhi kwa inchi nyingi. Katika muongo huohuo Impala ya 1964 ya lowraida Jesse Valadez, iliyoitwa Gypsy Rose, ilionekana kwenye televisheni mwanzoni mwa kipindi cha Chico and the Man, na jarida la Lowrider likaanza San Jose mwaka 1977. Maofisa hawakulegea: barabara ya Whittier ilifungwa usiku, na katika miaka ya 1980 jimbo likaziruhusu halmashauri kupiga marufuku matembezi hayo ya polepole ya magari. Mji wa National City ulipitisha marufuku yake mwaka 1992.

Wasiotaka pampu walipata njia tulivu zaidi. Kwenye magari ya koili, kipande kinachobeba gurudumu hutengenezwa upya, mhimili wa gurudumu ukapandishwa inchi 2 hivi. Gari linashuka, koili inabaki nzima na mikono inabaki kwenye pembe yake ya awali. Ni hesabu ileile ya ekseli ya Stewart. Kuanzia miaka ya 1990 mifuko ya hewa ilichukua nafasi ya koili kwa waliotaka kimo kinachobadilika bila uzito wa betri.

Gypsy Rose iliingizwa mwaka 2017 katika orodha ya kitaifa ya magari ya kihistoria ya Marekani. National City ilifuta marufuku yake mwaka 2023, na Oktoba mwaka huo gavana wa California, Gavin Newsom, akasaini sheria iliyoondoa katazo la kimo lililokuwa katika kifungu cha 24008 pamoja na mamlaka ya miji kuzuia matembezi hayo. Ilianza kutumika Januari 1, 2024.