Kwa Nini Injini ya Mvuke Haisahauliki

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, huenda mtauliza sisi wa Ngorongo tuna habari gani na garimoshi la mvuke. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, haikupita kwetu. TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, ilianza na injini za dizeli.

Hata hivyo mvuke ulitufikia kwa njia ya maji. Mwaka 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha katika delta ya Rufiji ikiwa na mitambo mibovu. Vyuma vyake vilivutwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, kisha vikarudishwa, kwa nguvu za vibarua wa Kiafrika. Tarehe 11 Julai 1915 manowari hiyo ilikwisha. Darasani tulisoma habari za meli na mizinga yake; za wale waliovuta hatukuzisoma.

Nilikumbuka hayo katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Zimo injini mbili za Garratt, zilizoundwa Manchester na Beyer Peacock, kila moja tani zipatazo 250. Zinaitwa Mount Gelai na Mount Shengena, majina ya milima ya Tanzania. Watu huzizunguka kwa furaha, nami naona sababu. Kazi yake haikufichika: moto huchemsha maji, mvuke husukuma pistoni, fimbo huzungusha magurudumu. Hata mtoto aweza kuifuata kwa kidole. Tena ilimtegemea binadamu. Asipokuwapo wa kutunza moto na maji, haikwendi popote.

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme huenda Dar es Salaam hadi Dodoma. Mwaka huohuo bwawa la Julius Nyerere, katika mto wetu wa Rufiji, lilianza kuingiza umeme katika gridi ya taifa. Ni maendeleo makubwa, lakini abiria haoni maji wala mfanyakazi.

Basi napendekeza kila mmoja wetu aandike aliyosimuliwa na wazee wake juu ya kazi za reli, meli na uchukuzi wa vita, tuyachape katika toleo lijalo. Injini zimepata mahali pa kutunzwa. Waliozihudumia nao wapate.