Ruzuku ya Bei na Ruzuku ya Mradi

Mkazi wa Nachingwea anaponunua umeme wa LUKU, ujumbe unaomletea tokeni humweleza pia fedha yake imekatwa nini: kodi ya ongezeko la thamani, EWURA asilimia 1, REA asilimia 3. Mwenye bodaboda anayejaza tangi Ruangwa mjini hapati maelezo kama hayo, lakini naye katika kila lita ya petroli ametoa shilingi 100 ziendazo kapu lile lile. Kapu lenyewe ni Mfuko wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005. Wakala wake, yaani REA, ulianza kazi mwaka 2007. Fedha zinazotoka humo kwenda kuwashika mkono wananchi huitwa ruzuku, na neno hilo limebebeshwa kazi mbili zisizofanana. Wanaoumia kwa mkanganyiko huo ni watu wa wilaya kama hizi mbili za mkoa wa Lindi.

Ruzuku na riziki ni ndugu wa shina moja la Kiarabu. Kitenzi kinafahamika hata kwa asiyewahi kusoma bajeti: Mwenyezi Mungu humruzuku mja wake, na mja kazi yake ni kushukuru. Serikali ilipolichukua neno hili, ililipa maana ya fedha za umma zinazotolewa bila kudaiwa zirudi. Hapo linaachana na mkopo. Linaachana pia na msaada, ingawa majukwaani huchanganywa kila siku. Fedha za Finland zilizoendesha mradi wa misitu wa FORVAC katika Nachingwea, Ruangwa na Liwale kati ya 2018 na 2024 zilikuwa msaada, kwa kuwa zilitoka kwa walipakodi wa nchi nyingine. Mfuko wa Nishati Vijijini nao hupokea fedha za wahisani, lakini tozo ya LUKU na ya mafuta ni jasho la wenyewe. Kiongozi anayeiita ruzuku hiyo msaada anamnyang'anya mlipaji haki ya kuuliza imetumikaje.

Kazi ya kwanza ya neno ni kupunguza bei. Hii inajulikana mno kusini. Mkulima wa korosho anaijua kwa salfa, wa mahindi anaijua kwa mbolea. Kuunganishiwa umeme kijijini kwa shilingi 27,000 ni ruzuku ya namna hiyo hiyo, maana gharama halisi ya nguzo, nyaya na mita ni kubwa mara nyingi zaidi. Kisha Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na REA ikaanza kusambaza mitungi ya gesi ya kilo sita kwa nusu bei. Mgawo ulikuwa mitungi 3,255 kwa kila wilaya, na mnunuzi alitakiwa kuwa na namba ya NIDA.

Kuna jambo hapa ambalo lingepaswa kusemwa kwa sauti kila mtungi unapokabidhiwa. Nusu bei ni ya mtungi wa mara ya kwanza. Ukiisha, kuujaza ni bei ya dukani. Na gesi hiyo ya mitungi si ile ya Songo Songo, ingawa kisiwa hicho kimo Kilwa, mkoa huu huu wa Lindi, na visima vyake vinazalisha tangu 2004. Gesi ya Songo Songo husafirishwa kwa bomba na sehemu kubwa huzalisha umeme. Ya mitungi huagizwa kutoka nje kwa meli, hivyo bei yake hufuata soko la dunia. Mama aliyenunua mtungi msimu wa mauzo ya korosho, fedha ikiwapo, anaweza kurudi kwenye kuni miezi ya kilimo. Ruzuku ya bei humfikia mtu mmoja mmoja, hutumika, huisha.

Kazi ya pili ni nyingine kabisa: kuwapa watu mtaji wa kujenga kitu chao. Sheria ile ya 2005 haikuwaza TANESCO na wakandarasi peke yao. Iliruhusu fedha za Mfuko zichangie gharama za mtaji za miradi ya taasisi za umma, kampuni binafsi, vyama vya ushirika na vikundi vya jamii. Ninaomba msomaji wa Nachingwea na Ruangwa arudie kusoma maneno hayo, vyama vya ushirika, kwa sababu ushirika upo mlangoni kwake. Chama kikuu cha RUNALI kimebeba ndani ya jina lake wilaya tatu, Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na chini yake zipo AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika, zenye maghala, makatibu, vitabu vya hesabu na uzoefu wa minada ya korosho, ufuta na mbaazi. Chombo cha namna hiyo kinaweza kuandika andiko la kuomba sola ya ghala au mtambo wa mkaa mbadala. Mtu mmoja mwenye namba ya NIDA hawezi.

Mfano wa karibu uko Mufindi. Mradi wa umeme wa maji wa Mwenga, megawati 4, ulianza kuzalisha mwaka 2012, na fedha za Umoja wa Ulaya pamoja na ruzuku ya REA zilikuwa sehemu ya mtaji wake. Leo unauza umeme kwa vijiji, kwa kiwanda cha chai na kwa TANESCO. Chini ya mpango wa TEDAP, uliogharimiwa na Benki ya Dunia, waendelezaji wa miradi midogo walilipwa dola 500 kwa kila mteja mpya wa kijijini aliyeunganishwa. Asiyeunganisha halipwi. Aina hii inafaa kuitwa ruzuku ya matokeo. Ile inayomtaka mwombaji aweke fungu lake kwanza ni ruzuku ya kuchangia, na vijiji vyetu vina neno lao tayari kwa fungu hilo: nguvu za wananchi. Mchanga uliosombwa na matofali yaliyofyatuliwa yanahesabika, mradi yameandikwa.

Iko pia ruzuku ya jumla. Mwaka 2009 Marekani ilitenga dola bilioni 3.2 kwa majimbo, miji na mamlaka za wenyeji asilia kwa ajili ya matumizi bora ya nishati na hifadhi yake, na mwaka 2021 ikaongeza dola milioni 550. Sehemu kubwa ya fedha iligawanywa kwa kanuni ya hesabu, kisha kila mamlaka ikachagua yenyewe: hapa taa za barabarani, pale majengo ya shule. Halmashauri zetu zinaijua sura hiyo kupitia ruzuku ya maendeleo, lakini fedha za nishati hazipiti huko. Hukaa kwa wakala wa taifa, na uchaguzi wa mtungi au jiko hufanyika mbali na kijiji. Naona huo ni upungufu. Baraza la madiwani la Ruangwa linajua kuliko mtu yeyote ni shule zipi zinamaliza miti ya jirani kwa kupika uji.

Shule zenyewe hupangiwa ruzuku ya uendeshaji, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Kiasi hicho hakiwezi kujenga jiko la taasisi. Kwa hiyo mwalimu mkuu anayeambiwa apunguze kuni anahitaji ruzuku ya mradi, mara moja, ya kujenga jiko banifu, yaani linalobana matumizi ya kuni. 

Mapendekezo yangu kwa maofisa maendeleo ya jamii, watangazaji na wanaoandika matangazo ya serikali ni kwamba ruzuku isitembee peke yake. Punguzo kwa mnunuzi liitwe ruzuku ya bei. Mtaji kwa kikundi, ushirika au shule uitwe ruzuku ya mradi, ukitajwa pamoja na sharti lake: ya kuchangia, ya matokeo, au ya jumla. Tangazo likae hivyo kwenye ubao wa ofisi ya kata, na tarehe ya mwisho ya kupokea maandiko iwe juu, kwa herufi kubwa.

Neno hili hubandikwa hata kwenye mkopo. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, iliyorejeshwa Julai 2024 baada ya kusimamishwa mwaka uliotangulia, haina riba, na baadhi ya vikundi huipokea kama ruzuku. Ni mkopo. Kikundi cha akina mama wa Nachingwea kinachotaka kuanza mkaa mbadala kisome kwanza karatasi inasema nini, kabla ya kununua mashine.